MBWA MKALI KWA MBWA WENZAKE: Mambo ya kuzingatia wakati wa kumtafuta mkufunzi

MACHWEO yanapokaribia katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru na Mombasa, watu hutoka na mbwa wao kwenda kunyoosha miguu. Aghalabu matembezi hayo huwa ya amani. Lakini yupo mwenye mbwa ambaye hutoka kama mtu anayejificha. Huchungulia langoni kwanza, akasikiliza kama kuna mbwa anayebweka karibu, kisha akajizungushia kamba mkononi mara mbili.

Anajua kitakachotokea. Mbwa mwingine akichomoza tu kwenye kona, wake hukurupuka, akabweka, akakenua meno na kuivuta kamba hadi bwana wake akaribie kuanguka. Majirani huvuka barabara na watoto hupiga mayowe. Ajabu ni kwamba nyumbani mnyama huyo huyo hulala miguuni pa watoto na wala hamgusi mtu.

Hali hiyo ikiachwa kuendelea, mwisho wake huwa mojawapo ya mambo matatu. Mbwa hufungiwa bandani asitoke tena, hupewa mtu mwingine ambaye haambiwi kasoro yake, au hupelekwa kwa daktari wa mifugo achomwe sindano ya kufa.

Mara nyingi hayo yangeepukika iwapo mwenyewe angempata mkufunzi afaaye mapema. Hata hivyo, mkufunzi asiyefaa huweza kuuharakisha mwisho huo huo, tena kwa malipo. Ndiyo sababu suala la nani aitwe na nani asiitwe si dogo.

Chanzo cha ukali

Watu wengi humdhania mbwa wa aina hii kuwa jasiri, mkaidi au anayetaka kuwatawala wengine. Ukweli ni kwamba katika visa vingi kinachomsukuma ni hofu. Mbwa anayeogopa na ambaye amefungwa kamba hawezi kukimbia. Njia pekee iliyosalia ni kutoa vitisho ili yule anayemwogopa aondoke.

Na kwa kawaida huondoka. Mwenye mbwa wa pili huvuta wake na kushika njia nyingine. Mbwa mkali hupata funzo kwamba kelele zake zimefaulu, na siku inayofuata huanza kubweka mapema zaidi. Hivyo ndivyo tabia inavyokomaa pasipo mtu yeyote kuifundisha.

Wapo pia mbwa wanaochachamaa kwa sababu ya hamu iliyozuiwa. Hawa hupenda mno kuwaendea wenzao, na kamba inapowazuia, hamu hugeuka hasira. Wengine walishambuliwa na mbwa koko wakiwa wachanga na hawajasahau.

Malezi nayo yana sehemu yake. Wanasayansi John Paul Scott na John Fuller, waliochapisha matokeo ya utafiti wao wa miaka mingi nchini Marekani mwaka wa 1965, walionyesha kwamba mwanambwa ana kipindi kifupi cha kuzoea viumbe wengine. Kipindi hicho huanza akiwa na umri wa karibu wiki tatu na kumalizika kati ya wiki 12 na 14.

Hapa nchini mbwa wengi wa ulinzi hukipitisha kipindi hicho ndani ya ua mmoja. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa. Mbwa aliyelelewa hivyo hukutana na mwenzake barabarani kwa mara ya kwanza akiwa na mwaka mzima, na kwake ni sawa na kukutana na jini.

Daktari kabla ya mkufunzi

Hatua ya kwanza si kumpigia mkufunzi simu bali kumpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo. Maumivu ya nyonga, masikio, meno au mgongo humfanya mnyama asitake kusogelewa. Mbwa wa namna hiyo hawezi kuponywa kwa mafunzo kabla hajatibiwa.

Mbwa aliyekuwa mtulivu kisha akabadilika ghafla anahitaji kuchunguzwa bila kukawia. Mabadiliko ya tabia ni mojawapo ya dalili za kichaa cha mbwa, ugonjwa unaokadiriwa kuwaua watu wapatao 2,000 kila mwaka nchini Kenya. Serikali ilizindua mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza, na nguzo yake kuu ni kuwachanja mbwa kwa wingi.

Kwa hivyo mbwa mwenye tabia ya kuwavamia wenzake hana budi kuwa na chanjo ambayo muda wake haujaisha, na cheti chake kiwekwe mahali pa kupatikana kwa urahisi. Mkufunzi makini hukiulizia cheti hicho kabla ya kumshika mnyama. Asiyeuliza ameshatoa dalili ya kwanza ya uzembe.

Kazi isiyo na bodi

Daktari wa mifugo hapa nchini husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na anayetaka kuthibitisha jina lake anaweza kufanya hivyo. Mkufunzi wa mbwa wa nyumbani hana bodi kama hiyo. Mtu yeyote anaweza kuchapisha vikaratasi, akavibandika kwenye nguzo za stima na kujiita mtaalamu.

Hali si tofauti sana Uingereza na Marekani, ambako pia hakuna leseni ya lazima nchini kote. Ujerumani ilichukua mkondo tofauti. Tangu Agosti 2014, anayewafunza mbwa wa watu wengine kwa malipo nchini humo sharti apate kibali cha serikali kwa mujibu wa sheria ya kuwalinda wanyama.

Kuna vyeti vya hiari vinavyotolewa na mashirika ya kimataifa. Mojawapo ni baraza la Marekani liitwalo CCPDT, lililoanzishwa mwaka wa 2001, ambalo huwatahini wakufunzi. Cheti cha namna hiyo ni ishara njema kwamba mtu amesoma, lakini hakitoshi peke yake kuthibitisha jinsi anavyofanya kazi.

Hapa nchini baadhi ya wakufunzi waliwahi kuhudumu katika vikosi vya mbwa vya polisi au makampuni ya ulinzi. Tajriba yao ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, kumfundisha mbwa kunusa mihadarati au kumkamata mwizi kwa amri ni kazi moja, na kumtuliza mbwa anayetetemeka kwa hofu ni kazi nyingine kabisa. Swali la kumuuliza si miaka mingapi amewafunza mbwa, bali ni mbwa wangapi wa aina hii amewashughulikia na kwa njia gani.

Kwa nini kipigo hakifai

Wako wakufunzi wanaoamini kwamba dawa ya moto ni moto. Huivuta kamba kwa ghafla, humlaza mbwa chali kwa nguvu, hutumia kola yenye meno ya chuma au ile inayopiga shoti ya umeme. Hudai kwamba mbwa sharti ajue bwana ni nani, kama mbwamwitu wanavyomtii kiongozi wao.

Dai hilo lina historia. Mwaka wa 1947, Rudolf Schenkel alichapisha maelezo kuhusu mbwamwitu waliofugwa pamoja kizuizini mjini Basel, Uswisi, ambao walipigania ukubwa. Mtafiti David Mech wa Marekani alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini baada ya kuwachunguza mbwamwitu wa porini kwa miaka mingi, Mech mwenyewe aliandika mwaka wa 1999 kwamba kundi la kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao.

Msingi wa hoja ukabomoka, lakini mbinu zilizojengwa juu yake zingali zinauzwa.

Uchunguzi uliochapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka wa 2009, uliohusisha wenye mbwa 140, ulionyesha kwamba mbinu kadhaa za makabiliano, kama vile kupiga teke au kumlaza mbwa chali, ziliamsha ukali katika angalau robo ya mbwa waliofanyiwa hivyo. Nchini Ureno, utafiti wa mwaka 2020 kuhusu mbwa 92 uligundua kwamba waliofunzwa kwa maumivu na vitisho walikuwa na dalili nyingi zaidi za dhiki kuliko waliofunzwa kwa zawadi.

Mwaka wa 2021, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama, AVSAB, kilitoa msimamo kwamba mbwa wote wafunzwe kwa njia za zawadi, wakiwemo wale wenye ukali. Wales ilikuwa tayari imepiga marufuku kola za umeme tangu mwaka wa 2010.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mbwa anayeogopa wenzake akipigwa kila anapomwona mmoja, hujifunza kwamba mbwa mwingine akitokea, maumivu hufuata. Hofu yake imepata ushahidi. Pengine ataacha kunguruma kwa kuwa kunguruma kumemletea adhabu, lakini hofu ingali moyoni.

Huyo ndiye mbwa wa hatari kuliko wote, kwani amenyang'anywa onyo lake. Siku uvumilivu wake utakapokwisha atauma bila kunguruma kwanza, na watu watasema ameuma bila sababu.

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, nayo haikunyamaza. Kumpiga, kumtesa au kumtisha mnyama kwa ukatili ni kosa, na jina la mafunzo halibadilishi tendo lenyewe. Anayeshuhudia mateso ya aina hiyo anaweza kupiga ripoti kwa polisi au kwa chama cha kuwatetea wanyama cha KSPCA jijini Nairobi.

Njia inayofaa huendaje?

Mwenye mbwa ataweza kumpima mkufunzi iwapo yeye mwenyewe anafahamu kazi njema hufanana na nini. Kiini chake kinatokana na ugunduzi wa Mrusi Ivan Pavlov, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904, kwamba mnyama hulihusisha jambo moja na lile linalolifuata.

Kwanza hutafutwa umbali ambao mbwa humwona mwenzake bila kuchachamaa. Kwa mmoja umbali huo unaweza kuwa mita 15, kwa mwingine mita 60. Mbwa wa pili huletwa mahali hapo, akiwa mtulivu na ameshikwa imara.

Mara tu mbwa mwenye shida anapomwona, hupewa kipande kidogo cha nyama anayoipenda sana, kisha kingine, na kingine. Mbwa wa pili akitoweka, nyama nayo hukoma. Baada ya kurudia mara nyingi, huja siku ambapo akimwona mwenzake humgeukia bwana wake kwa matumaini badala ya kukurupuka.

Hapo ndipo umbali hupunguzwa, hatua chache kwa wakati mmoja. Akianza kubweka, hapigwi wala hakaripiwi. Huondolewa akarudishwa mbali, kwa kuwa kosa lilikuwa la aliyemsogeza upesi. Kila kipindi huwa kifupi, na huisha mbwa angali mtulivu.

Mtu anayetazama kwa mbali anaweza kuona kana kwamba hakuna kinachofanyika. Hiyo kwa hakika ndiyo alama ya mafunzo mazuri. Kelele, purukushani na mbwa anayeburutwa vumbini huwavutia watazamaji, lakini hazimfundishi mnyama utulivu.

Maswali ya kuuliza

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla ya kukubaliana kuhusu malipo, mwenye mbwa amuulize mkufunzi maswali yafuatayo na kuyasikiliza majibu kwa makini.

1. Mbwa akifanya vyema, unafanya nini? Jibu zuri hutaja chakula, mchezo au kumwondoa mbwa karibu na kinachomtisha. Anayejibu kwamba mbwa hahitaji zawadi kwa kuwa kutii ni wajibu wake hafai kwa kazi hii.

2. Mbwa akikosea, unafanya nini? Hili ndilo swali kuu. Mkufunzi mwema husema atapunguza ugumu wa zoezi na kuongeza umbali. Majibu kama "kumrekebisha", "kumtia adabu" au "kumwonyesha nani mkubwa" yadadisiwe hadi mwenye mbwa aambiwe wazi ni kitu gani hasa kitakachomgusa mnyama wake.

3. Unatumia vifaa gani? Kamba ya kawaida na mkanda unaozunguka kifua ni vifaa salama. Kola ya umeme, kola yenye meno na kitanzi kinachokaba koo ni sababu tosha ya kuaga.

4. Itachukua muda gani? Anayeahidi kumponya mbwa kwa wiki mbili, au kutoa hakikisho la asilimia mia moja, hasemi kweli. Tabia ya kiumbe hai haina waranti kama redio. Mkufunzi mwaminifu huzungumza kuhusu miezi, na hukiri kwamba baadhi ya mbwa hawatawahi kucheza na wenzao ila wanaweza kupita karibu nao kwa amani.

5. Nani atakayefunzwa? Mbwa huishi na familia, haishi na mkufunzi. Sehemu kubwa ya kazi ni kumfundisha mwenye mbwa kuzisoma dalili na kuishika kamba. Asiyetaka mwenyewe awepo ana jambo analolificha au haijui kazi.

6. Utafanya nini ukishindwa? Jibu la busara ni kumrejesha mbwa kwa daktari au kumwelekeza mwenyewe kwa mtaalamu mwingine. Kwa baadhi ya mbwa daktari huweza kuamua kutoa dawa ya kupunguza wasiwasi ili mafunzo yashike. Mkufunzi hana mamlaka ya kutoa dawa kama hizo.

Kumtazama akiwa kazini

Maneno matamu hayatoshi, kwani umdhaniaye ndiye kumbe siye. Mwenye mbwa aombe kuhudhuria kipindi kimoja cha mkufunzi akiwa na mbwa wa mtu mwingine, bila kumleta wake.

Awatazame mbwa zaidi ya mkufunzi. Mbwa aliyetulia huwa na mwili uliolegea na hula bila pupa. Mbwa mwenye dhiki hulamba pua mara kwa mara, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hukunja mkia, hulaza masikio nyuma au hukataa chakula anachokipenda. Wengine huganda kama sanamu, na wasiojua hufikiri wametii.

Atazame pia iwapo mbwa wakali wamerundikwa uwanjani pamoja na wengine ili "wazoeane wenyewe". Mbwa anayeogopa hazoei kwa kutupwa katikati ya kundi. Huzidi kuogopa, na mbwa wasio na hatia hujeruhiwa.

Tahadhari zaidi inahitajika kuhusu mafunzo ya bweni, ambapo mbwa huachwa kwa mkufunzi kwa wiki kadhaa na kurudishwa "akiwa amepona". Mwenyewe haoni kinachotendeka. Mbwa huweza kurudi akiwa kimya kwa sababu amevunjwa moyo, na baada ya siku chache nyumbani ukali ukarejea kwa kuwa familia haikujifunza lolote.

Wajibu wa mwenyewe

Wakati mkufunzi anatafutwa, mbwa asiendelee kupata nafasi ya kuifanyia mazoezi tabia mbaya. Atembezwe saa ambazo barabara ni tupu, kama vile alfajiri, na katika njia pana zenye nafasi ya kugeuka. Lango lifungwe barabara, na wanaoingia na kutoka wakumbushwe, wakiwemo walinzi na wafanyakazi wa nyumbani.

Mbwa aliyewahi kuuma azoeshwe taratibu kuvaa kikapu cha mdomoni, kile kinachomwezesha kuhema, kunywa maji na kupokea nyama. Watoto wasipewe kamba yake.

Mapigano yakizuka, mtu asitie mkono kati ya vinywa viwili. Wengi walioumwa wakiwaamua mbwa waliumwa na mbwa wao wenyewe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kufika hospitalini siku hiyo hiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Ni vyema pia kuweka daftari. Kila siku iandikwe ni wapi mbwa wengine walionekana, umbali uliokuwepo na alivyofanya. Baada ya miezi miwili daftari hilo litaonyesha iwapo mita 40 zimekuwa 20, na iwapo baada ya kubweka anatulia kwa dakika moja badala ya kumi. Ndicho kipimo cha kazi ya mkufunzi, wala si ufasaha wake wala picha za mbwa aliowahi kuwafunza.

Iwapo daftari halionyeshi nafuu yoyote, au mbwa ameanza kumwogopa mkufunzi mwenyewe, mwenye mbwa ana haki ya kusimamisha mafunzo hapo hapo hata kama amekwisha kulipa. Fedha zilizopotea zitatafutwa tena. Imani ya mbwa kwa bwana wake ikishavunjwa, kuijenga upya huchukua muda mrefu kuliko kuuondoa ule ukali uliomfanya atafutiwe mkufunzi.